Goti la Mrina Asali

Muuaji wetu alikuwa na goti la mume wangu. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu mwanzoni hata sisi tulicheka.

Picha yetu ya kwanza ya sinema tuliipiga kando ya ziwa, kaskazini mwa Ontario, kwenye kambi ya watoto iliyokuwa imefungwa baada ya likizo. Hadithi yenyewe mtoto wa chekechea angeweza kuitunga: mrina asali mmoja alichomewa mizinga yake, akafa, akarudi na kisu chake cha kukatia masega, na wasichana wa kambi ndio waliolipa deni lisilo lao. Fedha zilikuwa haba. Mwongozaji wetu, Sheldon Pinsky, akaamua muuaji asionekane kabisa hadi karibu na mwisho. Badala ya kumwona yeye, tutaona anachokiona. Kamera ndiyo itakuwa kichwa chake, itazunguka mabanda, itachungulia madirishani, na msichana akigeuka na kupiga yowe, atakuwa anatupigia sisi.

Aliyeibeba kamera hiyo begani ni mume wangu, Garnet Tackaberry. Goti lake la kushoto liliharibika kwenye mchezo wa hoki alipokuwa kijana kwao Renfrew, na halikupona sawasawa. Akitembea, mguu wa kulia ulitangulia bila shida, wa kushoto ukafuata kwa kuchelewa, kisha bega likashuka. Bega likishuka, kamera nayo inashuka. Kwa hiyo muuaji akawa anachechemea, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Mimi nilikuwa ubavuni pake. Kazi yangu ni kushika fokasi. Mpiga picha anatazama, mimi nazungusha pete ya lenzi ili kile anachokitazama kionekane vizuri, kisiwe ukungu. Mshika fokasi mwenyewe haioni picha. Anakadiria umbali kwa jicho, anamfuata mwenzake kwa mazoea, yanayobaki anamwachia Mungu. Maisha yetu yote ya ndoa tuliyapitisha hivyo, tunatembea sako kwa bako, mkono wangu karibu na shavu lake. Hatukujaliwa watoto, na kusema kweli sijui tungewabebea wapi.

Picha ilipotoka tukaenda kuitazama Ottawa, tukakaa viti vya nyuma. Kamera ilipoanza kuzunguka banda, ikishuka na kupanda, ukumbi mzima ulinyamaza. Kijana mmoja mbele yetu akamnong'oneza mwenzake, "Huyo huyo. Anakuja." Garnet akaniegemea sikioni. "Umesikia? Goti langu limekuwa nyota wa sinema."

Picha ya pili ina tabia za kiporo. Ukikipasha moto lazima ukiongezee chumvi na pilipili, maana mlaji ameshakionja. Ile ya kwanza tuliipiga kwa taa chache, giza likawa giza kweli, na aliyekufa ulimsikia tu. Ya pili ikaletewa taa za buluu ziwe mbalamwezi, na mashine ya moshi iliyojaza msitu mpaka sote tukawa tunakohoa. Mbele ya lenzi tukatundika wavu, kwa kuwa Mrina sasa alikuwa na kofia yake ya nyuki, na watazamaji walitakiwa waione dunia kupitia matundu yake. Kisu kilichofichwa mwanzo sasa kilimulikwa mpaka kikametameta. Mimi sikuupenda mng'aro ule, na nilisema.

"Wacha wee, Verna," Garnet akaniambia. "Watu wamelipa kuona kisu, waonyeshwe kisu."

Lakini mwendo haukuguswa. Watazamaji walikuwa wameshaujua, na Sheldon hakuwa mjinga. Sasa kwa kuwa Mrina alianza kuonekana mwili mzima, akaajiriwa bwana mmoja wa kuruka na kuanguka, Burt, mwenye afya ya ng'ombe dume, naye akaambiwa ajifunze kuchechemea kama kamera inavyochechemea.

"Yaani nimwige huyu mzee?" Burt akalalamika.

"Mzee ni babako," Garnet akamjibu. "Mimi ni muuaji."

Februari iliyofuata, Garnet alitoka asubuhi kusafisha theluji mbele ya gari letu. Nilipotazama dirishani koleo lilikuwa limesimama na yeye amelala. Moyo, walisema. Sitaki kuongeza lolote hapo.

Baada ya mazishi nilipekua nyumba nzima kutafuta sura yake. Mpiga picha hapigwi picha. Nilipata moja ya harusi, na ndani yake amefumba macho. Sauti yake haikurekodiwa popote. Aliwachukia watu wanaojisikiliza. Ukitaka kumwona Garnet Tackaberry ulilazimika kwenda sinema kumtazama muuaji. Basi nikawa naenda. Picha ya pili ilikuwa bado inaonyeshwa mjini kwetu, na mchana ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Mama aliyeuza tiketi alinitazama kwa mashaka.

"Leo tena, mpenzi?"

"Leo tena."

"Haya. Ila mimi nisingeweza. Damu yote ile!"

Damu sikuiona. Nilingoja zile sehemu ambazo kamera inatembea, nikawa najua sasa anapita kwenye mizizi, sasa anajizuia asiukanyage waya, sasa goti linamuuma. Zikija sehemu za Burt nilifumba macho. Kisha taa zinawashwa, nachukua koti, narudi nyumbani kupika chakula cha mtu mmoja, jambo ambalo hata leo silijui. Kila siku chakula kinabaki.

Sheldon aliponipigia simu kwamba inatengenezwa ya tatu, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Tulifika kambini Oktoba, na hadithi ilikuwa ya Julai. Hiyo ndiyo kawaida yetu: kambi hukodishwa kwa bei rahisi watoto wakishaondoka. Majani ya miti yalikuwa mekundu, nusu yameanguka, na mafundi wakawa wanapanda ngazi kuyapulizia rangi ya kijani, tawi kwa tawi, yale tu yatakayoingia kwenye picha. Wasichana walivaa kaptula na fulana kwenye baridi ya kupasua midomo. Kabla ya kila shoti walimumunya barafu ili mvuke usiwatoke wakisema. Rhonda, aliyekuwa mkubwa wao, aliniambia kwa meno yanayogongana, "Mama yangu anadhani naigiza Hollywood."

Mahali pa Garnet aliwekwa Orest, kijana wa Sudbury wa asili ya Kiukraini, mabega mapana, mwenye adabu. Nilitaka kumchukia, lakini alinitangulia: siku ya kwanza aliniletea kahawa, akavua kofia, akasema, "Bi Verna, mimi nilijifunza kazi hii kwa kumtazama mumeo. Sijui niseme nini." Nikamwambia asiseme chochote, anywe kahawa yake.

Kisha nikaiona mashine. Ilikuwa ndani ya sanduku lake kwenye lori: fulana ya chuma ya kuvaliwa kifuani, yenye mkono wa springi. Kamera ukiifunga pale inaelea. Mtu anaweza kupanda ngazi mbio na picha isitikisike hata kidogo. Nikaenda kumtafuta Sheldon, nikamkuta kwenye chumba cha kulia anakula donati.

"Ile nini?"

"Verna, dada yangu, kaa kwanza."

"Sikai. Ile nini?"

"Siku hizi watu wanatazama nyumbani, kwa mkanda, kwenye televisheni ndogo. Giza letu likifika kule linakuwa matope. Na kamera ikiyumbayumba wanasikia kichefuchefu. Wanataka kitu kiteleze, kiwe na mwanga, rangi, haraka. Wote wanafanya hivyo sasa."

"Kwa hiyo Mrina amepona goti?"

"Amefufuka mara mbili, Verna. Goti ndilo litamshinda?"

Mafundi wa meza ya pili wakacheka. Na mimi ningecheka, kama lingekuwa goti la mtu mwingine.

"Sheldon," nikasema, "ule mwendo ni Garnet. Sina kingine. Ukiutoa, sina pa kwenda kumwona."

Aliiweka donati chini. Sheldon ana maneno mengi, lakini mtu akimwambia kitu cha kweli hujikuna shingo. Alijikuna shingo kwa muda.

"Nipe mzunguko wa banda," akasema hatimaye. "Mmoja. Kutoka mtini mpaka dirishani kwa Rhonda na kupita, bila kukata. Orest aibebe begani kama zamani. Mzunguko huo ukitoka vizuri, mwendo unabaki picha nzima. Usipotoka, kijana anavaa mashine, na hili hatulizungumzi tena. Sawa?"

"Sawa."

"Na usinilie hapa, watu wanakula."

"Nani analia?"

Ikawa kazi yangu kumfundisha kijana mzima wa miguu kutembea kama mtu aliyekufa. Tulikwenda nyuma ya mabanda, kwenye njia ya ziwani, yeye na mfuko wa mchanga begani badala ya kamera, mimi natembea kinyumenyume mbele yake natazama miguu.

"Hivi, Bi Verna?"

"Huyo ni bata."

"Na hivi?"

"Huyo amebanwa na haja na choo kiko mbali."

Burt alikuwa ameketi kwenye ngazi anatafuna tufaha, kofia ya wavu magotini. "Mwambie afikirie maumivu," akapiga kelele. "Mimi hufikiria maumivu."

"Ndiyo maana na wewe unatembea kama bata!" nikamjibu. Lakini alinisaidia bila kujua, kwa sababu hapo ndipo nilipogundua kosa la Orest. Alikuwa anaonyesha maumivu. Garnet hakuyaonyesha hata siku moja. Alikuwa na aibu na goti lile. Alitembea kama mtu mzima, na kile kilichoonekana ni kile alichoshindwa kukificha.

"Orest," nikasema, "usichechemee. Jifanye huchechemei. Una goti bovu, na mke wako anakutazama, na hutaki ajue."

Akafikiri kidogo. Akaupokea mfuko wa mchanga kwa bega lingine, akageuka, akaanza kurudi njiani kuelekea chumba cha kulia, amenipa mgongo. Mguu wa kulia. Wa kushoto, kwa kuchelewa. Bega.

Nilikaa juu ya kreti la lenzi. Alikuwa Garnet anakwenda kunywa supu ya njegere, na nilitaka kumwita jina lake, na nilitaka zaidi asigeuke.

Orest akageuka. "Vipi, bado bata?"

"Hapana," nikasema. "Bata hayupo. Nenda kale."

Siku ya shoti tuliupiga usiku mchana. Kwetu hilo si ajabu. Unaweka kioo cheusi mbele ya lenzi, unakwepa anga, unaliacha jua liwe nyuma ili kingo za vitu zing'ae kidogo, na watazamaji wanaamini ni mbalamwezi. Ndani ya banda wakawasha taa kubwa mno ili dirisha lionekane kama lina taa ya kawaida. Sisi nje tunatetemeka, Rhonda ndani anatoka jasho huku anamumunya barafu. Sharti ni kwamba jua lisifike nyuma ya kilima cha ng'ambo, maana likifika, kingo zinakufa na usiku wetu unakuwa mchana wa mawingu tu. Sheldon alichelewesha kila kitu kwa sababu ya moshi, hautoshi, umezidi, hautoshi. Tulipokuwa tayari, kilima kilikuwa kimeshaanza kulimeza jua.

"Tunapata moja," mpiga picha mkuu akasema. "Moja tu, jamani."

Lazima nieleze ugumu wake. Kioo cheusi kikiwekwa, lenzi inafunguliwa hadi mwisho, na lenzi ikiwa wazi hivyo, sehemu isiyo na ukungu inakuwa nyembamba kama upana wa kiganja. Tunatembea kando ya ukuta wa mbao, tunafika dirishani. Kwanza tunaona kioo cha dirisha chenyewe, vumbi lake na matone ya maji. Halafu pete inazungushwa, kioo kinayeyuka, na ndani anaonekana Rhonda anachana nywele mbele ya kioo cha kujitazamia, hajui. Halafu tunapita. Ndivyo ilivyokuwa katika picha ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa katika ya pili, na ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Wavu ukashushwa mbele ya lenzi. Orest akaipokea kamera begani. Nikasimama ubavuni pake, mkono kwenye pete, karibu na shavu.

"Kamera," akasema Sheldon.

Tukaondoka mtini. Mguu wa kulia, wa kushoto, bega. Kijana alifanya vizuri, tena vizuri mno. Niliacha kumtazama, sikuwa na haja. Masikio yangu yaliyajua majani makavu yanavyolia chini ya mtu huyu, kavu, halafu kuburuta, halafu kavu. Mkono wangu uliufuata ukuta wenyewe. Nilikuwa nyumbani. Sijui niseme vipi tena. Tangu Februari nilikuwa sijawa mahali popote, na sasa nilikuwa mahali.

Tukafika dirishani. Akasimama. Nikaweka fokasi kwenye kioo cha dirisha, vumbi na matone. Nikangoja.

Garnet alipofika dirishani alikuwa anasimama mpaka mtu unaanza kujiuliza, kisha anatoa pumzi. Pumzi ndogo ya puani, kama mtu anayeweka mzigo chini. Mimi nikiisikia, nazungusha. Hatukuwahi kuambizana. Sikujua hata kwamba ninaingojea. Nilidhani mkono wangu unajua wenyewe. Kumbe mkono ulikuwa unamsikiliza yeye. Kwa hiyo sikumfundisha Orest pumzi, nilimfundisha goti tu, na Orest, kwa heshima ya kazi, alikuwa ameibana pumzi yake asitikise picha.

Nikangoja. Ndani, Rhonda alikuwa ukungu wa rangi ya dhahabu unaosogeasogea. Nikangoja. Kisha kamera ikaanza kuondoka, bega likashuka, na hapo ndipo nilipozungusha, nimechelewa, na uso wa Rhonda ukaja ukaonekana vizuri kwa kufumba na kufumbua, pembeni kabisa, tunampa mgongo.

"Kata!"

Mshika fokasi akikosa husema hapo hapo. Asiposema atasemwa na picha. "Nimekosa," nikasema. "Dirishani. Nimekosa."

Sheldon akatazama kilima. Jua lilikuwa limekwisha. Akavua kofia, akaipiga chini. "Verna! Wewe? Dirishani? Dirisha lile lile?"

"Ndiyo."

"Umekosa sana au kidogo?"

"Sana."

"Basi," akasema, na hakupiga kelele tena, jambo lililoniumiza zaidi. "Basi. Kesho Orest avae mashine."

Orest alikuwa bado amebeba kamera. Akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani ya watu. "Ni mimi? Nilipita mapema?"

"Hapana, mwanangu. Ulipita sawasawa."

Siku zilizofuata Mrina aliteleza. Kamera ilielea juu ya mizizi, ikapanda ngazi, ikazunguka wasichana kama nzi. Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Ilikuwa nzuri na haikuwa na mtu. Nilishika fokasi na sikukosa hata mara moja. Jioni nilikula mwisho wa meza, na nilipotaka kusema jambo niligeukia kushoto kama kawaida, nikakuta chupa ya mchuzi wa nyanya.

Filamu zilipelekwa Toronto kusafishwa, zikarudi kwenye makopo, tukakaa sote chumba cha kulia kuzitazama, shuka limetundikwa ukutani. Nilikaa karibu na mlango ili nitoke shoti yangu ikifika. Sikuwahi kutoka. Ukuta wa mbao ukajitokeza, buluu, ukishuka na kupanda, na nikakwama pale na kitasa mkononi. Alikuwa yeye. Matundu ya wavu, moshi, bega. Tukafika dirishani. Matone ya maji yakaonekana moja moja. Na nyuma yake ile dhahabu ya ukungu, inasogea, ina umbo la mtu lakini haikubali kuwa mtu. Ikakaa. Ikakaa mno. Mtu mmoja akakohoa. Halafu, tukiwa tumeshaanza kuondoka, uso wa msichana ukatokea na kupotea.

Taa ikawashwa.

"Kama vile anataka kulia," Orest akasema taratibu. "Yule muuaji. Kama vile macho yamemjaa."

"Hanitazami kama mtu anayetaka kuniua," Rhonda akasema. "Ananitazama kama mtu anayejaribu kunikumbuka. Mungu wangu, nimeogopa, na mimi nilikuwepo!"

Sheldon alikuwa anajikuna shingo. "Irudishe," akamwambia mwenye projekta. Ikarudishwa. Ikarudishwa tena. Kisha akainuka, akaja mlangoni, akanishika mabega mbele ya watu wote. "Mashine inarudi kwenye sanduku. Tunazirudia zote begani. Na kila dirisha nataka hivyo. Kila dirisha, Verna!"

"Ni kosa, Sheldon. Itoe."

"Sijapata kupiga shoti nzuri kama hiyo maishani mwangu. Ulikuwa unangoja nini pale?"

Wote walikuwa wananitazama, wamefurahi kwa ajili yangu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Mwendo umebaki, picha nzima, watu wataukuta mpaka Vancouver. Lakini wao walikuwa wameona goti na wakapita. Kilichowatisha kilikuwa kile kingine, kungoja kwangu, kimetundikwa kwenye shuka kila mtu akitazame huku anakula bisi. Sikupata kujisikia mpweke kama wakati ule nimeshikwa mabega.

"Nilisinzia," nikasema. Wakacheka, wakapiga makofi.

Picha ya tatu ilikwenda vizuri kuliko zote mbili. Vijana waliandika kwenye majarida yao kuhusu jicho la Mrina linalojaa ukungu kila lifikapo dirishani. Walisema ni ubunifu, wakataja wachoraji wa Ulaya. Sinema nyingine za wauaji zikaiga. Nilipata kuona moja ambamo muuaji ni daktari wa meno, naye ukungu unamshika dirishani, hajulikani kwa nini. Kazi yetu iko hivyo. Kitu kikishafanyika mara mbili kinaitwa mtindo, na mara ya tatu kinadaiwa.

Sheldon aliuza jina la Mrina, na ya nne ikaenda kutengenezwa British Columbia na watu wengine. Sikuitwa, wala sikutegemea kuitwa. Goti lilikuwa linaanza kunisumbua na mimi, la kwangu mwenyewe, la uzee.

Asubuhi moja nikiwa namenya viazi, simu ikalia.

"Naongea na Bi Tackaberry? Shikamoo, mama. Naitwa Neville, niko Vancouver. Mimi ndiye nashika fokasi kwenye Mrina ya nne." Alikuwa na sauti ya mtu mwema aliyechoka. "Samahani kukusumbua. Kila kitu tumekilinganisha. Wavu tunao, buluu ni ile ile, moshi, mwendo tumempata jamaa anayeuweza kabisa. Dirisha ndilo linatushinda. Nazungusha nimechelewa kama ulivyofanya wewe, na kila mara linaonekana kosa tu. Mwongozaji ananifokea. Kwako halikuonekana kosa. Nikasema, badala ya kubahatisha, nimuulize mwenyewe."

Nilifuta mikono kwenye aproni. Ningeweza kumwambia nilisinzia. Lakini alikuwa ameuliza kama fundi anavyomuuliza fundi, na tangu Garnet afe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Huchelewi kwa makusudi," nikamwambia. "Ukichelewa makusudi litaonekana. Unamngoja mwenzako apumue. Mtu mmoja unayemjua. Unatega sikio, mkono uko tayari kabisa. Asipopumua, unaendelea kumngoja. Ukishajua kwamba hatapumua tena, ndipo unazungusha."

Nilisikia kalamu ikiandika kwenye karatasi.

"Asante sana, mama. Sasa hapo, kwa kukadiria, ni sekunde ngapi?"

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Mimi bado sijazungusha."